Ogopa Chati Isiyo na Pengo

Nikionyeshwa mti wa ukoo uliojaa kila kisanduku, kuanzia mwenyewe hadi kizazi cha nane, macho yangu hayatafuti majina. Yanatafuta pengo. Vizazi vinane, ukijihesabu na wewe, ni visanduku 255, na sijawahi kukutana na familia ambayo vyeti vyake, makaburi yake na wazee wake vilikubali kuvijaza vyote bila hata kimoja kugoma. Chati ya namna hiyo, hasa ikiwa imepambwa kwa majani ya rangi na kutiwa fremu, hunitia wasiwasi kuliko ile iliyochorwa kwa penseli na kufutwafutwa. Huwa nauliza majina yale yametoka wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba yametoka kwenye mti wa mtu mwingine, naye aliyatoa kwa mwingine tena, na huko mwisho hakuna anayejua nani aliyaandika kwanza.

Najua kinachotupeleka kwenye chati. Mtu akianza kuulizia ukoo wake, habari hazimjii kwa mpangilio. Leo ni cheti cha ubatizo chenye jina lililokosewa herufi, kesho ni sauti ya shangazi iliyorekodiwa kwenye simu, keshokutwa ni picha ya kundi la watu ambayo nyuma yake pameandikwa "sisi na mjomba" na basi. Vitu vinarundikana na kichwa hakiwezi kuvibeba vyote. Chati inatuahidi kwamba kila mtu atapata pake. Sina ugomvi na ahadi hiyo. Ugomvi wangu ni na ile haraka ya kutaka visanduku vijae, kwa sababu kwa anayetafuta kweli, kisanduku kitupu ndicho kinachomwambia aamkie wapi kesho.

Haraka hiyo haikuanza na sisi. Chati za nasaba zilichorwa tangu zamani na watu waliokuwa na jambo la kuthibitisha. Kanisa la Ulaya ya Zama za Kati lilikataza ndoa kati ya ndugu hadi daraja ya saba (yaani vizazi saba kurudi hadi kwa mzee wao wa pamoja), kisha Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ukapunguza hadi daraja ya nne. Wanasheria wa Kanisa walichora mti wa udugu wenye visanduku ili ionekane mara moja nani haruhusiwi kumwoa nani. Baadaye watu wa tabaka la juu waliotaka kupokewa katika baadhi ya jumuiya za kikabaila walitakiwa kuonyesha kwamba wazazi wote 16 wa kizazi cha tano walikuwa wa damu hiyo hiyo ya juu. Pengo moja lilitosha kumfungia mtu mlango. Sasa jiulize mwenye majina 15 alishawishika kufanya nini.

Palipo na mnunuzi, muuzaji hakosekani. Gustave Anjou, aliyezaliwa Sweden mwaka 1863 na kufariki Marekani mwaka 1942, aliishi kwa kuwauzia familia tajiri za Marekani nasaba zilizopaa hadi kwa watu wakubwa wa Ulaya. Alichanganya kumbukumbu za kweli na viungo vya kubuni, na watafiti waliokuja nyuma yake walilazimika kutenganisha jina kwa jina. Hata hivyo majina mengine aliyoyaunganisha bado yanazunguka kwenye miti ya watu hadi leo. Wateja wake hawakulipia mapengo.

Kisha ikaja zamu mbaya kuliko zote. Ujerumani ya Wanazi iliwataka watu wathibitishe kwa vyeti babu na bibi zao walikuwa nani, na sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilimhesabu kuwa Myahudi yeyote mwenye babu na bibi watatu au zaidi waliokuwa Wayahudi. Ilikuwa chati ile ile tunayoijaza sisi leo kwa furaha, yenye nafasi nne za babu na bibi, na majibu yake yaliamua nani afukuzwe kazi na, miaka michache baadaye, nani auawe. Sisemi haya kuwatisha watu wasijaze fomu. Nasema ili tukumbuke kwamba karatasi ya nasaba imezoea kumtumikia mtu mwenye jibu tayari. Wewe ambaye huna wa kumthibitishia lolote, jipe uhuru ambao hao wote hawakuwa nao, wa kuandika kwamba hapa bado sijui.

Sasa tuingie kwenye karatasi zenyewe.

Chati ya kwanza ambayo kila mtu hukutana nayo ni ile ya kupanda: wewe, wazazi wako, babu na bibi zako, na kuendelea juu. Utamu wake umo kwenye namba kuliko kwenye visanduku. Michaël Eytzinger alizitumia mwaka 1590, Jerónimo de Sosa akazitumia mwaka 1676, na mwaka 1898 Stephan Kekulé von Stradonitz akazieneza kiasi kwamba zinabeba jina lake mpaka leo. (Baba yake ndiye August Kekulé, mkemia aliyeeleza umbo la benzini. Familia ile ilipenda michoro.) Mfumo ni mwepesi. Wewe ni 1. Baba yako ni 2, mama yako 3. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Ukitaka namba ya baba wa mtu yeyote, zidisha namba ya mtu huyo mara mbili. Ukitaka ya mama yake, ongeza moja juu ya hapo. Ukiacha namba 1, namba shufwa zote ni wanaume na witiri zote ni wanawake.

Jaribu kurudi nyuma. Nani ni 13? Ni witiri, kwa hiyo ni mwanamke. Toa moja, gawa kwa mbili, unapata 6, mtoto wake, mwanamume. Gawa tena, unapata 3, mama yako. Kwa hiyo 13 ni mama wa babu mzaa mama, na hukuhitaji kufungua chati yoyote kulijua hilo. Ndiyo maana naiandika namba hiyo kila mahali: kwenye majina ya mafaili ya kompyuta, juu ya bahasha, mwanzoni mwa kila rekodi ya sauti, na nyuma ya picha kwa penseli laini (wino wa kalamu hupenya na kuharibu). Familia nyingi hurudiarudia majina yale yale kila vizazi viwili, mjukuu akiitwa kwa babu yake. Katika rundo lenye watu wanne wa jina moja, 6 na 24 hawawezi kuchanganywa.

Mfumo huu una upungufu wake. Kaka na dada hawana namba, kwa sababu unahesabu waliokuzaa tu. Na siku mwanao akitaka kuendeleza kazi, yeye anakuwa 1 na namba zote zinahama. Kwa wanaoshuka, yaani kuanzia mzee mmoja kwenda kwa wana, wajukuu, vitukuu na vilembwe wake, kuna mfumo wa d'Aboville: mzee ni 1, mtoto wake wa tatu ni 1.3, mtoto wa pili wa huyo ni 1.3.2. Unasomeka kama anwani. Unafaa sana kwa wanaoandaa mkutano wa ukoo, ila akipatikana mtoto wa kwanza aliyesahaulika, wadogo zake wote wanasogezwa na vizazi vyao.

Namba hizi hufichua pia kitu ambacho miti ya kupambwa hukificha, yaani mtu mmoja kukaa mahali pawili. Ndugu wakioana, wazazi wa juu wanapungua. Mfalme Alfonso XII wa Hispania ni mfano unaopendwa: baba wa baba yake na baba wa mama yake walikuwa ndugu, na mama wa baba yake na mama wa mama yake nao walikuwa ndugu, hivyo mahali ambapo mimi na wewe tungekuwa na watu wanane yeye alikuwa na wanne. Ukikuta jambo hilo kwenu, na ukipanda juu vya kutosha utalikuta, mwandike mtu kwa namba yake ndogo na kwenye ile nafasi nyingine andika "tazama namba fulani". Usimwandike mara mbili kama watu wawili.

Kuhusu namna ya kuandika majina na tarehe nitakuwa mkali kidogo. Mwanamke aandikwe kwa jina alilozaliwa nalo, si la mume. Ukimwandika kwa jina la mume umefunga upande wote wa kuukeni kwa mkono wako, maana hakuna rejesta ya ubatizo wala ya kuzaliwa itakayokuwa na jina hilo. Kama jina la kuzaliwa hulijui, acha jina lake la kwanza lisimame peke yake na pengo pembeni. Mwezi uandikwe kwa herufi. Nikikuta 4/7/1931 kwenye karatasi ya mtu sijui kama ni Aprili au Julai, kwa kuwa nchi hazikubaliani kipi kitangulie, na huenda aliyeandika hayupo tena wa kuulizwa.

Tarehe za zamani zina mitego zaidi. Kalenda ya Gregori ilianza mwaka 1582 katika baadhi ya nchi za Kikatoliki; Uingereza na makoloni yake ziliingia mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Tena Uingereza kabla ya hapo mwaka mpya wa kisheria ulianza 25 Machi. George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya siku hizo, ambayo kwa kalenda yetu ni 22 Februari 1732. Tarehe zote mbili ni za kweli. Kwenye fomu, nakili tarehe kama ilivyo kwenye hati, halafu weka tafsiri yako pembeni kwenye mabano. Ukiandika ile "iliyosahihishwa" peke yake, atakayekufuata hatajua kama ulisahihisha au hukusahihisha, na atasahihisha tena.

Chati ya kupanda, pamoja na sifa zote hizo, ni ramani tu. Kazi hufanyika kwenye karatasi ya familia. Hii ni fomu ya mume, mke na watoto wao wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, kila mmoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa, kuoa au kuolewa, kufariki na kuzikwa, na mbele ya kila taarifa, safu ya chanzo. Wanaoanza huiona kuwa ni uchovu. Kwa nini nijaze ndugu wa babu wakati ninayemtafuta ni babu?

Kwa sababu babu huenda hakuacha cheti hata kimoja, lakini dada yake aliolewa kanisani na jina la mama yao likaandikwa mle. Watoto wa tumbo moja hugawana wazazi. Hati ya mmoja ni hati ya wote. Na kwa sababu karatasi ya familia ikishajaa nusu, inaanza kusema yenyewe. Unawaona watoto wamefuatana kila baada ya miaka miwili, miwili, miwili, kisha miaka mitano imepita kimya, kisha miwili tena. Katika karatasi moja ya upande wa kuukeni kwetu palikuwa na kimya kama hicho. Nilimpelekea shangazi yangu mkubwa karatasi yenyewe, sikumuuliza swali lolote, nikamwonyesha tu kwa kidole. Aliitazama kwa muda, akasema, "Hapo alikuwapo Mdogo." Mtoto aliyefariki kabla hajaanza kutembea. Hakuwa ametajwa katika mazungumzo yoyote niliyorekodi, wala nisingejua kumuulizia. Kimya cha namna hiyo huweza pia kumaanisha kwamba baba alikuwa vitani au kazini mbali, mimba ziliharibika, au kulikuwa na ndoa nyingine katikati. Fomu haikuambii ni kipi. Inakuambia tu kwamba kuna jambo la kuuliza.

Hesabu nyingine ndogondogo hujitokeza hapo hapo. Mama aliyezaa akiwa na miaka tisa kwenye karatasi yako ni watu wawili waliounganishwa, au mwaka ulionakiliwa vibaya. Mama aliyezaa akiwa na miaka 58 mara nyingi ni bibi anayemlea mtoto wa binti yake. Baba kufariki miezi michache kabla ya mtoto kuzaliwa si ajabu; mama kufariki kabla ni kosa la mtu fulani.

Karatasi hii ina dhana moja mbaya ndani yake: kwamba familia ni mume mmoja, mke mmoja na watoto wao. Familia nyingi hazikai hivyo. Wapo wenye wake zaidi ya mmoja, wapo waliooa tena baada ya kufiwa au kuachana, watoto wa nje ya ndoa, watoto wa kulea. Fomu ikigongana na watu, inayopinda ni fomu. Kwangu kila muungano uliozaa mtoto una karatasi yake, hata kama hapakuwa na ndoa. Mwanamume mwenye watoto kwa wanawake watatu ana karatasi tatu, na juu ya kila moja nimeandika namba za zile nyingine. Mtoto wa kulea anaandikwa pote pawili, kwa waliomzaa kama wanajulikana na kwa waliomlea, na neno "kulea" likiwa wazi. Huwa sikubaliani na wanaosema nasaba ni damu tu. Aliyemlea mtu ndiye mara nyingi aliyempa jina, dini, na hata ile tarehe ya kuzaliwa anayoitumia, na mtafiti asiyemwandika mlezi anapoteza njia ya kufikia hati.

Vilevile yapo mapengo ambayo si uvivu wa mtu wala bahati mbaya. Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru. Watumwa, mwaka huo na 1860, waliandikwa kwenye orodha tofauti chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi, na karibu wote bila majina. Kwa vizazi vyao, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja walio wengi kama watu wenye jina. Mtafiti anayefika hapo akipanda nyuma anakutana na ukuta uliojengwa kwa makusudi. Kwenye fomu yake, kisanduku kitupu nacho ni taarifa, na mimi ningekiandikia sababu yake: "hati za wakati huo hazikuwaandika watu hawa majina." Kuna mapengo mengine yenye chanzo cha kawaida zaidi. Uingereza ilianza kuandika rejesta za parokia mwaka 1538 na kusajili vizazi na vifo kiserikali mwaka 1837. Sensa ya Marekani ya 1890 iliangamia karibu yote kutokana na moto wa 1921. Ile ya Uingereza na Wales ya 1931 iliteketea mwaka 1942. Ukiijua tarehe ambapo hati za mahali fulani zinaanza na mahali zinapokatika, hutapoteza nguvu kutafuta kitu ambacho hakijawahi kuandikwa.

Nije kwenye fomu ninayoipenda kuliko zote, ambayo hakuna mtu atakayeitia fremu: daftari la utafutaji. Ni jedwali la kawaida. Tarehe. Swali ninalotafutia jibu. Mahali nilipotafuta, pamoja na jina la rejesta na namba yake. Miaka niliyopitia. Tahajia za jina nilizojaribu. Nilichopata. Wengi huandika tu wanapopata kitu. Mimi nasema safu ya mwisho ina thamani kubwa kuliko zote pale ilipoandikwa "hakuna".

Chukua mstari kama huu: "Rejesta ya ubatizo, 1921 hadi 1934, kurasa zote. Nimetafuta jina kwa tahajia tatu. Hakuna. Kurasa za katikati ya 1926 zimelowa maji, hazisomeki." Mstari huu unanizuia nisirudi kupekua rejesta ile ile baada ya miaka miwili nikiwa nimesahau. Unaniambia kwamba nikija kugundua tahajia ya nne, kazi inafunguliwa upya. Na ile sentensi ya mwisho inaniambia kwamba "hakuna" yangu ina tundu: aliyezaliwa 1926 anaweza kuwamo na nisimwone. Bila mstari huo ningebaki na hisia tu kwamba "kule nilishaangalia", na hisia hiyo hutawala watu kwa miaka.

Tena "hakuna" huweza kuwa ushahidi wenyewe. Kama familia inaonekana katika orodha za mahali fulani mwaka baada ya mwaka, kisha wazazi wapo na mtoto mmoja hayupo, kutoonekana kwake kunasema kitu: amefariki, ameolewa, amehama, yuko shule. Lakini huwezi kudai hivyo kama huna maandishi yanayoonyesha ulitafuta vipi na ukaishia wapi.

Fomu za kunakilia sensa nazigusa kwa haraka. Kila sensa ilikuwa na safu zake, kwa hiyo kila mwaka una fomu yake, na faida yake ni kukulazimisha kunakili safu hata ambazo hukuziona kuwa na maana. Soma pia maelekezo waliyopewa makarani. Katika sensa ya Uingereza ya 1841 waliambiwa umri wa waliozidi miaka 15 washushe hadi tano iliyo karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 39 anaweza kusomeka 35. Uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya haukuandikwa hadi 1851. Anayeona mwanamume, mwanamke na watoto chini ya paa moja mwaka 1841 akajaza "mke" na "wana" kwenye karatasi ya familia, amejaza kitu ambacho hati haikusema.

Hati zikigongana, na zitagongana, usichukue wastani. Namfahamu mtu aliyekuwa na miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa ya bibi yake, akaweka ile ya katikati kwa kuwa "haimuudhi mtu". Mimi ninayo karatasi tupu ninayoiita karatasi ya utata: juu naandika swali, chini naorodhesha kila hati, ilisema nini, iliandikwa lini, na nani aliyetoa taarifa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa kifo, lakini mwaka wa kuzaliwa uliomo umetajwa na mkwe au jirani, siku ya msiba, na mwenyewe hayupo wa kumsahihisha. Wataalamu wa nasaba wa Marekani wana kipimo chenye masharti matano: utafute kwa upana unaoridhisha, utaje vyanzo kikamilifu, uchambue na kulinganisha ulichopata, utatue migongano, kisha uandike hitimisho lenye hoja. Ukitazama, chati ya ukutani haimo hata mara moja. Daftari, karatasi ya familia na karatasi ya utata ndizo zinazobeba masharti hayo.

Chati moja ya mapambo naikubali, ile ya nusu duara, ambapo wewe uko katikati na vizazi vinatanuka kama upepeo. Naipenda kwa sababu mapengo yake huonekana kwa jicho moja tu. Ukoo wa kuumeni umejaa hadi ukingoni na upande wa bibi mmoja ni mweupe kuanzia kizazi cha tatu. Naipaka rangi kwa ushahidi: rangi moja kwa aliyethibitishwa kwa hati, nyingine kwa aliyetajwa na wazee peke yao, ya tatu kwa aliye dhana yangu. Kuna watu wanaojuana nami walioudhika kuona babu yao mashuhuri amepakwa rangi ya dhana.

Na kompyuta? Itumie. Programu zitakuonya mtoto akizaliwa baada ya mama kufa, na ukiwa na faili la GEDCOM, muundo ulioanzishwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka 1984, unaweza kuhama na kazi yako kutoka programu moja kwenda nyingine, ingawa picha na maelezo hupotea njiani mara nyingine. Shida yangu na programu ni kwamba hazipendi weupe. Zinakupendekezea jina papo hapo, unabonyeza, pengo limezibwa. Utaratibu wangu ni kwamba pendekezo lolote linaingia kwanza kwenye daftari la utafutaji kama dokezo, na haliingii kwenye mti mpaka niione hati yenyewe.

Kwa wazee, karatasi hushinda kompyuta kabisa. Mwanaanthropolojia W. H. R. Rivers, aliyekwenda visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898 na msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikusanya nasaba za watu kwa kuwauliza mmoja mmoja majina ya waliowazaa, kisha ndugu zao, kisha watoto wa hao, na akalinganisha alichoambiwa na huyu na alichoambiwa na yule. Njia hiyo haijachakaa. Uliza "aliyemzaa ni nani?", kwa sababu ukisema "baba yake" unaweza kupewa jina la baba mkubwa aliyemlea. Andika jina la aliyekuambia na siku aliyokuambia kwenye safu ya chanzo, kama vile yeye ni rejesta. Walio hai waache nje ya nakala unazosambaza, au waandikwe kwa neno "hai" bila tarehe. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama ni vitu ambavyo matapeli huvitafuta.

Nakala ninayompelekea ndugu ina tarehe na jina langu pembeni, ili ikizunguka ijulikane ni ya lini, na mapengo yake yote yako wazi. Nikipeleka chati iliyojaa, watu husema hongera na kuiweka kando. Nikipeleka yenye mapengo, hawawezi kujizuia, wanaomba kalamu. Ndiyo maana wakati mwingine hulifuta kwa makusudi jina ambalo tayari ninalo kutoka kwa mtu mwingine, nikampa shangazi kisanduku kitupu. Akiliandika lile lile bila kuliona kwangu, nina mashahidi wawili. Akiandika jingine, nafungua karatasi mpya ya utata.